Tanzania kwa pembe moja moja: miji na maumbile ya kuona, na namna ya kufika bila kupoteza siku

Tanzania ina kilomita za mraba zipatazo 945,000. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, hadi Mwanza ni zaidi ya 1,100, na Kigoma ni mbali kuliko hapo. Ukiwa na likizo ya siku kumi na orodha yenye Zanzibar, Serengeti na Ziwa Tanganyika, zaidi ya nusu ya siku hizo zitaishia ndani ya basi, na kila mahali utafika jioni ukiwa hoi na kuondoka alfajiri. Ushauri wa mwongozo huu ni mmoja: safari moja, pembe moja ya nchi. Pembe nyingine ziache kwa mwaka mwingine.

Hatua ya kwanza: anza na mwezi, ndipo uchague mahali

Watu wengi huchagua mahali kwanza, kisha huomba likizo wakati wowote inapopatikana. Hapo ndipo safari huharibika, maana mahali palepale panaweza kuwa pazuri mno Agosti na pasipopitika Aprili.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo miezi migumu kwa pwani na kaskazini. Barabara za udongo ndani ya hifadhi hukatika, kambi nyingi hufungwa, na hata lami haiaminiki sana. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, ambayo ndiyo ya Kilwa, ilikatika eneo la Somanga na abiria wakakwama. Kama unataka Kilwa, usiende miezi hiyo.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ni msimu wa wanyama. Nyasi zimekauka, maji yamebaki mitoni na kwenye mabwawa machache, na wanyama hukusanyika hapo. Hifadhi za Ruaha, Tarangire, Mikumi, Nyerere na Katavi zote ziende wakati huo. Januari hadi Machi ni zamu ya nyumbu kuzaa kusini mwa Serengeti na ya maua ya Kitulo. Papa potwe wa kisiwa cha Mafia huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na Juni na Julai kuna baridi ya kuvaa sweta mbili.

Hatua ya pili: hesabu usiku, na uzitoe za njiani

Kila unapohama kitanda unapoteza nusu siku: kufunga mizigo, kungoja basi, kutafuta chumba. Kwa siku kumi, panga kulala sehemu nne tu, tano zikizidi sana. Siku ya mwisho iache wazi kabla ya kurudi kazini, hasa kama safari yako ina boti au ndege ndogo ndani yake.

Hatua ya tatu: malipo ya hifadhi na gari, kabla ya kuondoka nyumbani

Malangoni hakuna kulipa pesa taslimu. Unatengenezewa namba ya malipo ya serikali, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipa kwa simu au benki, ndipo unapewa kibali. Tatizo linalojirudia ni mtandao: kwenye malango ya mbali simu haishiki, au salio halitoshi na wakala hayupo. Weka pesa ya kutosha kwenye simu ukiwa mjini, tena kwenye laini mbili za kampuni tofauti. Waongoza watalii wazoefu hulipia kibali siku moja kabla.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana kulinganisha na dola anazotozwa mgeni kutoka nje. Lakini ni lazima uthibitishe uraia: beba kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi, maana picha iliyo kwenye simu inaweza kukataliwa. Gari nalo lina kiingilio chake. Lenye namba za Tanzania hulipa kwa shilingi, lenye namba za nje hulipa kwa dola. Kwa Mkenya au Mganda anayekuja na gari lake hiyo ni tofauti kubwa, na mara nyingi ni nafuu kuliegesha Arusha au Mwanza na kukodi la hapa.

Kibali huhesabiwa kwa saa. Ukiingia saa nne asubuhi ukitaka kulala ndani, angalia saa iliyoandikwa, maana ukichelewa kutoka kesho yake unatozwa siku nyingine. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni. Risiti itunze hadi utoke, kwa kuwa lango la kutokea wataiomba.

Kuhusu gari: Mikumi wakati wa kiangazi, gari la kawaida lililoinuka kidogo linafika sehemu nyingi. Kreta ya Ngorongoro huruhusu tu magari yanayovuta magurudumu yote manne, na Ruaha nenda na la aina hiyo hiyo. Kabla ya kulipa arubuni, kagua tairi la akiba, jeki, spana ya magurudumu na kamba ya kuvutia. Jaribu kulifungua tairi la akiba pale pale uani. Nati zilizoganda ni shida ndogo mjini na ni kubwa sana mahali penye simba.

Pembe ya kusini magharibi: Morogoro hadi Matema

Kwa anayelipa kwa shilingi na kutegemea usafiri wa umma, hii ndiyo njia bora nchini. Ina wanyama, maporomoko, historia, milima ya baridi na ufukwe wa ziwa, vyote kwenye barabara moja kuu, na watalii ni wachache kuliko kaskazini. Siku kumi zinaitosha ukichagua vituo vinne au vitano kati ya vinavyofuata.

Anza na treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, chini ya saa mbili. Jina kwenye tiketi lazima lilingane na la kitambulisho, na mizigo hukaguliwa kama uwanja wa ndege, kwa hiyo fika saa nzima mapema. Stesheni ya Morogoro ipo nje kidogo ya mji; chukua bajaji hadi stendi ya Msamvu na upande basi la Ifakara au Iringa. Keti dirishani na uchague basi la mchana, kwa sababu barabara kuu hupasua Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Tembo, twiga, pundamilia na nyani huonekana toka barabarani bila kiingilio chochote. Ukitaka simba, lala mji mdogo wa Mikumi, kodi gari na wenzako, na uingie lango likifunguliwa. Saa tatu za mwanzo zina thamani kuliko mchana wote, kwani jua likishapanda simba hulala kivulini na humwoni hata akiwa mita kumi.

Kutoka Mikumi shika njia ya Ifakara kilomita kama 60 hadi Mang'ula, makao ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hapa hakuna kuzunguka na gari, ni miguu tu. Lengo la wengi ni maporomoko ya Sanje, yanayoshuka kwa jumla mita 170 hivi. Njia ya mzunguko huchukua takriban saa nne, askari wa hifadhi akiwa nawe. Anza saa mbili asubuhi. Wanaoanza saa sita hupanda kwenye joto, huishiwa maji katikati, na hawapati muda wa kuoga kwenye mabwawa ya juu, ambayo ndiyo sehemu tamu ya safari nzima. Lita mbili za maji kwa mtu, viatu vyenye meno, na suruali ndefu. Ngolaga wa Sanje, jamii ya nyani inayopatikana milima hii tu, huonekana ukitulia na kuacha kelele.

Rudi barabara kuu, endelea Iringa. Mbele ya Ruaha Mbuyuni, penye bonde la mibuyu na vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara, unaanza mlima Kitonga. Lori likiharibika kwenye kona zake foleni hufika saa kadhaa, hivyo usipange miadi ya jioni Iringa. Mji wenyewe uko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Basi la Mbeya likikushusha hapo, panda daladala kwenda juu.

Iringa ipe siku mbili. Isimila ipo kilomita kama 20 kwenye barabara ya Mbeya: korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na zana za mawe za watu wa kale zikiwa zimelala pale zilipogunduliwa. Nenda kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi, maana mchana korongo huchoma na picha hutoka nyeupe. Kalenga, kijiji kilichokuwa ngome ya Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, kina makumbusho yenye fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Piga simu au uliza hoteli kama mlinzi wa makumbusho yupo kabla hujakodi bajaji.

Ruaha iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa. Ni hifadhi ya kilomita za mraba karibu 20,000, na Septemba au Oktoba, Mto Ruaha Mkuu ukiwa umebaki madimbwi, unaweza kukaa mahali pamoja ukaona tembo wakichimba mchanga kwa mkonga kutafuta maji. Wanaotaka nafuu hulala kijiji cha Tungamalenga nje ya lango, au kwenye mabanda ya hifadhi pale Msembe. Ya Msembe yana faida ya kuwa tayari ndani alfajiri. Nunua vyakula na mafuta Iringa. Ndorobo ni wengi sehemu za miombo, na hufuata rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki, kijivu au kijani kilichofifia. Dawa ya mbu haiwazuii sana. Funga vioo gari likitembea polepole.

Mbeya ni mji wa kupumzikia na kutokea. Ziwa Ngozi lipo ndani ya kreta, barabara ya kwenda Tukuyu. Kutoka njia kuu kuna kilomita kadhaa za vumbi au tope, kisha kupanda msituni kama saa moja. Mvua ikinyesha ile njia huteleza kama sabuni, na juu ukungu hufunika ziwa lote, ukarudi hujaona kitu. Fika ukingoni kabla ya saa nne asubuhi. Chukua kijana wa kijijini akuongoze, na msikubaliane kushuka hadi majini kama kuna unyevu. Siku hiyo hiyo unaweza kuunganisha Daraja la Mungu, mwamba uliojitandaza juu ya Mto Kiwira. Jirani yake, Kijungu, kuna eneo la magereza: omba ruhusa kwanza, na usipige picha za majengo wala askari. Maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, yana pango nyuma ya maji ambalo mtu anasimama ndani yake bila kulowa sana.

Kitulo, iliyotangazwa hifadhi mwaka 2005, iko kwenye uwanda wa mita zipatazo 2,600 na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua ya okidi hufunguka kati ya Desemba na Machi, na tatizo ni kwamba huo ndio wakati wa tope. Panga siku mbili badala ya moja, na beba koti la mvua na la baridi. Usichimbe wala kununua viazi vya okidi vinavyouzwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia. Biashara hiyo ndiyo iliyokuwa inaumaliza uwanda huu.

Malizia Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kutoka Mbeya ni basi la Kyela, kisha gari la Ipinda na Matema. Unashuka kutoka baridi hadi joto la bondeni kwa saa chache, na mbu wapo, kwa hiyo chandarua ni lazima. Maji ni masafi na Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani. Oga mbele ya nyumba za wageni, kamwe usioge karibu na midomo ya mito, kwa kuwa mamba hukaa huko. Jumamosi vyungu vya Wakisi wa Ikombe huuzwa soko la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu. Vimechomwa kwa moto wa wazi, hivyo ukitaka kimoja kifike nyumbani kizima kigonge kwa kidole kwanza: chenye ufa hutoa sauti ya kukwaruza. Kijaze nguo ndani, kifunge na kanga nje, na ukipakate mwenyewe.

Pembe ya kaskazini

Hapa kuna umaarufu na kuna gharama. Siri ya kupunguza gharama ni kujaza viti: gari na dereva vina bei ileile mkiwa wawili au sita, na kushuka Kreta ya Ngorongoro kuna tozo ya gari pekee, mbali na kiingilio cha kila mtu. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200, alfajiri mikono hufa ganzi. Ukipita Ngorongoro kwenda Serengeti unalipa hata kama hushuki, na ukirudi njia ileile unalipa tena. Anayeishi Kanda ya Ziwa anaweza kuepa hayo yote kwa kuingia lango la Ndabaka, barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Fahamu tu kwamba ukanda huo wa magharibi una udongo mweusi wa mbuga, na mvua ya saa moja inatosha kuzamisha Land Cruiser hadi kwenye ekseli.

Nyumbu hawakai mahali pamoja. Januari hadi Machi wapo Ndutu, Juni wapo upande wa Grumeti, Julai hadi Oktoba wapo Kogatende, kaskazini, kwenye Mto Mara. Anayelala Seronera, katikati ya hifadhi, Agosti akitaka kuona wakivuka mto amekosea kituo, na ni mwendo wa saa nyingi kurekebisha.

Kilimanjaro, mita 5,895, haupandwi bila kampuni yenye leseni na waongozaji. Kosa linaloangusha wengi ni kununua siku tano ili kuokoa fedha. Mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa nyepesi. Chukua siku saba au nane, na maumivu ya kichwa yakizidi, pamoja na kutapika au kuyumba, shuka usiku huo huo. Asiyetaka kileleni anaweza kupanda Marangu hadi Mandara, mita 2,720, na kurudi siku moja, akapata msitu mzima kwa gharama ya kawaida.

Lushoto mara nyingi inarukwa, na inastahili usiku mbili. Shuka Mombo, panda basi dogo la milimani, na nenda kwa miguu hadi Irente, ambako Usambara inakatika ghafla juu ya tambarare ya Wamasai.

Pwani na visiwa

Ufukwe wa Zanzibar unachaguliwa kwa kuangalia mwezi angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Paje, Jambiani na Chwaka hukupwa hata kilomita nzima, na ukitaka kuogelea utangoja saa sita. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo. Saa za kujaa na kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, waulize wavuvi na upange siku kwa kuzifuata: maji yakipwa tembea na kinamama wa mwani, yakijaa ogelea. Wenye watoto wanaotaka kuoga muda wowote waende Nungwi au Kendwa. Vaa viatu vya plastiki kwenye miamba, maana miiba ya wadudu wa baharini hukatikia mguuni.

Mji Mkongwe utembee asubuhi mapema. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliporomoka sehemu Desemba 2020, kwa hiyo usijenge siku yako juu yake. Nenda Mkunazini kwenye soko la zamani la watumwa, Ngome Kongwe na Darajani. Kwa boti ya kutoka Dar, nunua tiketi dirishani au mtandaoni, kamwe usinunue kwa mtu wa njiani. Miezi ya kusi bahari huchafuka: meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, na keti chini, nyuma.

Kilwa Kisiwani wanafika wachache mno, nami naiweka juu ya sehemu nyingi zenye jina. Kibali hutolewa Kilwa Masoko, kisha mashua. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa ya karne ya 14 na ngome iitwayo Gereza vinahitaji saa tatu hadi nne. Songo Mnara ni mbali zaidi na mikoko imeizunguka: nahodha asipopanga saa za maji, mtatembea kwenye tope hadi magotini mkiwa na kamera mkononi.

Magharibi

Mwanza inaunganishika kirahisi na Geita na Bukoba tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Mjini, kisiwa cha Saanane ni dakika chache kwa boti.

Kigoma ndiyo njia ya sokwe. Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960, inafikika kwa boti kutoka Kibirizi. Mahale ni mbali zaidi na ni ghali. Kwa sokwe masharti ni makali kwa sababu mafua ya binadamu huwaua: unavaa barakoa, kundi ni dogo, muda nao ni saa moja, na watoto wadogo hawaruhusiwi. Ukiwa na kikohozi utarudishwa, na fedha yako usitegemee kuipata. Sokwe hawana ratiba, panga asubuhi mbili. Boti za abiria za Kibirizi huondoka mchana na Jumapili kwa kawaida hazisafiri, kwa hiyo panga kufika Kigoma kati ya Jumatatu na Alhamisi. Vyakula nunua mjini, maana Gombe hakuna duka.